Dakika 63: kisa cha ndege ya United 173 na kiongozi aliyeambiwa kila kitu

Jioni ya tarehe 28 Desemba 1978, ndege aina ya DC-8 ya shirika la United ilianguka kwenye miti ya kitongoji kimoja cha Portland, jimbo la Oregon, Marekani, maili sita hivi kabla ya kufika uwanjani. Ilibeba watu 189. Walikufa 10, wakiwemo mhandisi wa ndege na mkuu wa wahudumu. Moto haukuwaka, maana hakukuwa na cha kuwaka: matangi yalikuwa makavu.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Injini zote nne zilikuwa nzima. Kapteni alikuwa na zaidi ya saa 27,000 angani, na pembeni yake alikaa rubani msaidizi mzoefu. Nyuma yao kulikuwa na mhandisi wa ndege, ambaye moja ya kazi zake kubwa ni kuangalia mafuta. Kinasa sauti kilipofunguliwa kilionyesha kuwa mafuta yalizungumzwa mara nyingi mno katika nusu saa ya mwisho. Yaliulizwa, yakatajwa, yakarudiwa. Ndege ikaanguka kwa kukosa mafuta.

Ndiyo maana kisa hiki kinafundishwa hadi leo, na ndiyo maana kinamhusu hata meneja wa ghala ambaye hajawahi kukaribia chumba cha marubani. Wengi wakikisimulia humchora kapteni kama bosi mkali asiyesikiliza. Ukiisoma rekodi vizuri humwoni mtu huyo. Unamwona bosi mtulivu, anayewajali abiria, anayeuliza maswali na kujibiwa. Kilichokosekana ni kitu kidogo kuliko hulka yake, na kwa sababu ni kidogo kinapatikana katika ofisi nyingi: hakuna aliyeigeuza namba kuwa saa.

Saa zote hapa chini ni za Kiswahili. Uzito nimeugeuza kutoka pauni kwenda kilo.

Mwendo wa jioni ile

Ndege ilitoka New York, ikapitia Denver, ikategemewa kutua Portland saa 11:13 jioni. Ilikuwa na mafuta ya safari, juu yake akiba ya dakika 45 inayodaiwa na sheria, na dakika 20 hivi za tahadhari za shirika lenyewe. Jumla ni kama dakika 65 za ziada. Ishike hiyo namba.

Walipoteremsha magurudumu kikasikika kishindo, ndege ikayumba, na taa za kuthibitisha kwamba magurudumu yameteremka na kujifunga hazikuwaka zote. Baadaye ilijulikana kuwa kutu ilikuwa imekula kiungo cha silinda ya gurudumu la kulia. Gurudumu likadondoka kwa uzito wake na kuharibu swichi ya taa. Gurudumu lenyewe lilikuwa chini, limejifunga. Taa ndiyo iliyokuwa inadanganya.

Saa 11:12 kapteni akawaambia waongoza ndege kwamba hatatua bado. Atazunguka kwenye futi 5,000 mpaka alijue tatizo. Uamuzi huo ni sahihi, na hakuna kapteni ambaye angelaumiwa kwa huo. Wakakagua swichi na fyuzi. Mhandisi akaenda kuchungulia alama zilizo juu ya mabawa, ambazo zinaonekana kutoka dirishani. Zilionyesha magurudumu yako chini. Saa 11:38 hivi wakaongea kwa redio na mafundi wa shirika huko San Francisco. Kapteni akawaambia ana kilo 3,200 za mafuta na kwamba atazunguka dakika 15 au 20 zaidi. Maongezi yakaisha saa 11:44. Mafundi hawakuwa na jipya la kuongeza.

Kuanzia hapo suala la gurudumu lilikuwa limekwisha kadiri ambavyo lingeweza kwisha angani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwaandaa abiria kwa dharura, ambayo ni kazi halali kabisa. Ila haikupewa saa ya kuisha.

Saa 11:46 rubani msaidizi akamuuliza mhandisi mafuta ni kiasi gani. Jibu: 5,000, kwa pauni, yaani kilo 2,270. Saa 11:48 na dakika karibu nzima akamuuliza kapteni swali lilelile. Kapteni akajibu: tano. Msaidizi akarudia: tano. Muda mfupi baadaye taa za pampu za mafuta zikaanza kumetameta, na kapteni mwenyewe akasema kwamba hiyo inalingana na kiasi kilichobaki.

Saa 11:50 akamwomba mhandisi amwandalie hesabu ya uzito wa kutua kwa makadirio ya dakika 15 mbele, akichukulia kwamba yatabaki mafuta ya kilo 1,400 mpaka 1,800. Mhandisi akasema hazitoshi. Dakika 15 zitawaacha na mafuta machache mno. Hilo ndilo onyo kali kuliko yote yaliyomo kwenye kinasa sauti. Sekunde chache baadaye mhandisi huyohuyo akatoa hesabu aliyoombwa, kwa mafuta ya kilo 1,400. Aliyepinga ndiye aliyeandaa karatasi ya kutekeleza alichokipinga.

Saa 11:56 na sekunde 53 rubani msaidizi akauliza tena. Elfu nne, akajibiwa, elfu moja kila tangi. Kilo 1,800. Nusu dakika baadaye kapteni akamtuma mhandisi aende nyuma kwa abiria akaone mambo yanaendaje. Akakaa huko dakika nne. Kwa muda huo marubani wawili waliobaki waliongea kuhusu kuwapa abiria nafasi ya kutosha ya kujiandaa na jinsi ya kuwatoa ndege ikishasimama.

Saa 12:02 mhandisi, akiwa amerudi, akasema wana kama elfu tatu na basi, kwa pauni, yaani kilo 1,360. Saa 12:06 mkuu wa wahudumu akaingia kusema wako tayari. Kapteni akasema sasa tunaingia, tutatua kwa dakika tano hivi. Wakati huohuo injini ya kwanza ikaanza kuzima. Msaidizi akasema tunapoteza injini. Kapteni akauliza: kwa nini?

Kwenye rekodi nzima hakuna neno zito kuliko hilo. Kapteni hakuwa anaigiza. Kweli hakuwa anajua kwa nini.

Alipouliza umbali wa uwanja aliambiwa kama maili 18. Saa 12:13 injini mbili zilikuwa zimekwenda na nyingine zikifuata. Saa 12:15 ndege ikawa chini. Tangu alipoomba kuzunguka, saa 11:12, zilikuwa zimepita dakika 63.

Hesabu ambayo hakuna aliyeifanya

Ikiwa na magurudumu nje na mabawa yamefunguliwa kwa mwendo wa taratibu, ndege ile ilikunywa pauni 220 kwa dakika. Kwa bahati hiyo ni takriban kilo 100, hesabu rahisi kuliko nauli ya daladala.

Kilo 1,800 zilizotajwa saa 11:56 na sekunde 53 ni dakika 18. Ongeza dakika 18 upate saa 12:15. Dakika ileile ya ajali ilikuwa imeshatamkwa ndani ya chumba, dakika 18 kabla, kwa lugha ambayo hakuna aliyeitafsiri. Elfu tatu za saa 12:02 nazo ni dakika 13 na nusu: saa 12:16.

Sasa rudi kwenye saa 11:50, kwenye ile karatasi ya uzito. Kilo 2,270 ukitoa dakika 15 za kilo 100 hubaki 770. Kapteni alikuwa anataka zibaki 1,400 au zaidi. Hata ukiruhusu geji ikosee kidogo, mpango huo haukuwezekana kihesabu, na kutoa kulikuwa kwa darasa la tatu. Watu watatu wazoefu hawakutoa. Si kwamba hawajui kutoa. Kila mmoja alikuwa anaishughulikia namba kama taarifa ya hali, kama mtu anayesema leo kuna joto, na hakuna aliyeiona kama tarehe ya mwisho.

Hapo ndipo nadhani somo lenyewe lilipo, na kwa maoni yangu mafunzo mengi ya uongozi yanalipita haraka ili yafike kwenye mada tamu za unyenyekevu na kusikiliza. Kapteni alisikia. Alitamka "tano" kwa mdomo wake. Kusikia namba si kusikia maana yake, na kazi ya kuitoa maana hakuwa amepewa mtu yeyote.

Makosa manne ya usimamizi, na moja ambalo ni la walio chini

La kwanza ni kazi isiyo na ukomo. Saa 11:44 kapteni alihitaji kusema sentensi moja: tutaondoka hapa kuelekea uwanjani saa fulani, abiria wawe tayari au wasiwe tayari. Saa hiyo ilikuwa inahesabika. Chukua kilo 3,200 za saa 11:38, ambazo ni dakika 32. Toa dakika 10 za kuruka hadi njia ya kutua. Toa dakika 10 nyingine kwa ajili ya lolote, kwa mfano kulazimika kuzunguka mara ya pili. Hubaki 12. Basi saa ya kuondoka ni 11:50. Ukiisema mapema hivyo wahudumu nao wanajipanga ndani yake. Usipoisema, wanafanya kazi kwa ukamilifu, na ukamilifu hauna mwisho.

La pili, kiongozi alilishika tatizo na saa kwa mikono yake miwili. Haiwezekani. Anayetatua tatizo huzama, na mtu aliyezama haoni muda. Dakika 20 kwake ni kama tano. Hii haina uhusiano na akili wala uzoefu. Ukiwa unashughulika na mteja aliyefoka kaunta, huwezi pia kuwa wewe ndiye unayekumbuka kwamba benki inafunga saa tisa.

La tatu linauma zaidi: alimtuma mshika saa akaangalie mambo mengine. Mhandisi ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya geji. Katika dakika nne alizokuwa nyuma ziliungua kilo 400 hivi, zaidi ya moja ya tano ya zilizokuwa zimebaki. Maofisini hii hutokea kila siku. Mhasibu anayefuatilia tarehe za kodi ndiye anayetumwa kupokea wageni wa makao makuu, kwa kuwa ni mchangamfu. Msimamizi wa zamu anayehesabu dizeli ya jenereta ndiye anayeombwa apeleke gari gereji. Kabla ya kumtuma mtu, uliza anaacha nini bila mwangalizi, kisha umtaje atakayeshika.

La nne, majibu ya kapteni yalifunga mjadala bila yeye kukusudia. Mhandisi alipopinga zile dakika 15 hakukemewa, hakuna aliyempandishia sauti. Ila mpango haukubadilika na wala hakujibiwa. Ukimya wa mkubwa baada ya pingamizi una maana moja tu kwa mdogo: nimekusikia, endelea. Katika Kiswahili chetu cha kazini hatari ni kubwa zaidi, maana tuna neno "sawa", ambalo linaweza kumaanisha nimekubali, nimekusikia, au tuachane na hilo. Kikao kizima kinaweza kwisha kwa "sawa" nane, kila moja na maana yake.

La walio chini ni hili: waliuliza mahali pa kusema. Rubani msaidizi aliuliza kiasi cha mafuta si chini ya mara tatu. Huulizi mara tatu kama hauna wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi, na aliuvika vazi la swali kwa sababu swali halimvunjii mtu heshima. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika ripoti yake ya 1979, ilimtaja kapteni kama sababu kuu, kisha ikaongeza kwamba wenzake wawili ama hawakuelewa vizuri uzito wa hali ama hawakufanikiwa kumfikishia wasiwasi wao. Pendekezo lililofuata liliwaelekeza mashirika ya ndege wawafundishe makapteni uongozi wa kushirikisha, na wasaidizi wao kusema kwa msimamo. Wote wawili kwa pamoja. Wakufunzi wengi wa ofisini hufundisha upande mmoja tu, kawaida ule unaolipa ada.

Sentensi yenye mkia

Tuanze na aliye chini, maana ndiye mwenye nafasi ndogo. Mafunzo ya marubani yaliyozaliwa na kisa hiki yana umbo la kusema ambalo limedumu, na linahamishika kirahisi. Lina vipande vitano: mwite mtu, sema una wasiwasi, taja hali kwa namba na saa, toa pendekezo moja, dai jibu.

Kwa jioni ile ingekuwa hivi: "Kapteni, nina wasiwasi na mafuta. Yamebaki ya dakika kumi na nane na uwanja tunauacha nyuma. Tugeuze sasa hivi, wahudumu wamalizie tukiwa njiani. Nigeuze?"

Sekunde kumi. Hakuna ukali ndani yake, wala hakuna aliyeitwa mzembe. Linganisha na "mafuta yanaonyesha ngapi sasa?"

Hapa kwetu watu husema mbinu hii haitawezekana, kwamba bosi ni mzee, anaamkiwa shikamoo, huwezi kumsemesha hivyo. Pingamizi hilo lina uzito kidogo tu. Heshima ya Kiswahili inakaa kwenye mwito na sauti, haikai kwenye kuficha namba. "Shikamoo mzee, samahani nakukatisha" ni mwanzo mzuri kabisa wa sentensi ya vipande vitano, kosa ni kuishia hapo, au kumalizia na "sijui unaonaje." Anayesema sijui unaonaje amerudisha mzigo wote kwa mtu ambaye tayari haoni.

Mfano wa ofisini, Tanzania. Msaidizi wa hesabu anapita mlangoni: "Bosi, zile risiti za Arusha bado." Bosi, macho kwenye kompyuta: "Sawa, wafuatilie." Amesema, amejibiwa, hakuna kilichotokea.

Sentensi yenye mkia: "Bosi, nina wasiwasi na ritani ya VAT. Leo tarehe 17, mwisho ni tarehe 20. Risiti 14 za EFD (mashine ya risiti za kodi) za tawi la Arusha hazijafika, na kuziingiza ni kazi ya siku moja. Zisipofika kesho saa nane mchana nitawasilisha bila hizo, na kodi ya manunuzi hayo tutaidai mwezi ujao. Naomba umpigie meneja wa Arusha sasa, mimi ameshanizungusha mara mbili. Utampigia kabla ya chakula cha mchana?"

Angalia kilichoongezeka: idadi, siku inayohitajika, saa ya mwisho ambayo si ya TRA (mamlaka ya mapato) bali ya msaidizi mwenyewe, kitakachotokea, na ombi moja ambalo bosi peke yake anaweza kulitimiza. Mwisho swali lenye jibu la ndiyo au hapana. Akijibu "sawa", uliza tena kwa upole: "Kabla ya saa saba, siyo?"

Mahali watu wanapokosea ni pawili. Wengine hutaja mambo matano kwa pamoja, risiti na mashine ya fotokopi na likizo ya dereva, na lile la tarehe 20 linazama humo. Wengine huongeza lawama, "nilishasema tangu wiki iliyopita", na kuanzia hapo bosi anajitetea yeye, hazungumzii tena Arusha.

Upande wa mkubwa

Kwa kiongozi kazi ni ya kupanga kuliko ya tabia. Tabia hubadilika polepole. Mpangilio unaweza kuubadili Jumatatu asubuhi.

Kazi yoyote yenye kitu kinachopungua, iwe fedha, dizeli, damu ya benki ya damu, siku za zabuni au uvumilivu wa mteja, ipewe mshika saa mwenye jina. Asiwe wewe. Mpe kizio cha muda: asikuletee "tuna lita 300", akuletee "jenereta itazima saa nne usiku." Mwambie mapema ni katika kiwango gani anaruhusiwa kukukatiza hata ukiwa na mgeni, na siku atakapokukatiza mara ya kwanza, mbele ya huyo mgeni, geuka umsikilize. Sekunde tano za uso wako siku hiyo zitakuwa sera ya idara kwa miaka miwili. Ukikunja uso, kuanzia hapo utaletewa maswali tu.

Kisha acha kuuliza "tuko pamoja?" Kila mtu anajua jibu lake, na linaimbwa kwa sauti moja kama kibwagizo. Halijawahi kufichua tatizo hata moja. Uliza swali lisilojibika kwa kuitikia: nini kitatukwamisha kabla ya Ijumaa? Nani ana namba isiyolingana na yangu? Anza na mdogo kabisa mezani, kwa sababu akishasema meneja wa mauzo, mwanafunzi wa mafunzo kazini hatampinga. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Viongozi wengi wanafika tatu.

Na unapopingwa, jibu kwa kurudia maneno: "Unasema dakika 15 hazitoshi. Zinatosha ngapi?" Kapteni angeuliza hilo saa 11:50, mhandisi angelazimika kutoa hesabu, na hesabu ingetoa saa.

Tahadhari moja: mshika saa anachosha. Baada ya wiki mbili utamwona ni mtu wa kulalamika, na wenzake watamtania. Mzungushe kila mwezi. Faida ya pili ni kwamba kila mtu atakuwa ameionja kazi ya kuleta habari mbaya, na ataipokea kwa adabu zaidi zamu yake ikiisha.

Je, inafanya kazi?

Mwaka 1979 shirika la anga la NASA liliitisha warsha juu ya jambo hili, na mwaka 1981 United wenyewe wakaanza kuwafundisha marubani wao mpango kamili. Tarehe 19 Julai 1989 ndege nyingine ya shirika hilo, DC-10 ya safari namba 232, ilipasukiwa na injini ya mkiani na kupoteza mifumo yote mitatu ya haidroli. Kwa maneno mengine, usukani haukuwa umeunganishwa na kitu. Kapteni Al Haynes alimkaribisha mbele mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, Dennis Fitch, akamkabidhi mikono ya injini, akamwachia mhandisi mawasiliano na mafundi, na dakika 44 zikapita kwa watu wanne kupeana mawazo. Walifika uwanja wa Sioux City, jimbo la Iowa, na kuangukia kwenye njia ya kutua. Kati ya watu 296 walipona 184. Haynes alisema mara nyingi hadharani kwamba bila mafunzo yale wasingefika.

Kuna ushahidi wa karibu na sisi. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji katika hospitali nane duniani, moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, Manila na Amman. Orodha ina vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka. Katika kituo cha pili kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake. Inaonekana jambo dogo, mpaka ukumbuke kwamba muuguzi ambaye hajafungua mdomo tangu asubuhi ndiye unayemtegemea apaze sauti pamba moja ikipungua. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, zilizoanza kutumia orodha kama hizo kwa agizo la serikali. Haukuona upungufu wa maana wa vifo. Wataalamu wanabishana kwa nini. Mtu aliyewahi kuona fomu ikijazwa tiki zote dakika mbili kabla ya mkaguzi kufika ana dhana yake.

Ukitaka kuijaribu kwa watu wako, hitaji lako ni saa moja, watu watatu kila meza, na ubao. Andika ubaoni: kilo 1,800, kilo 100 kwa dakika, saa 11:57, uwanja dakika 10. Mmoja awe kapteni mwenye shughuli, mpe kazi ya kweli ya kumshughulisha, kwa mfano kuandika barua kwa mteja. Wawili wamkatize. Mzunguko wa kwanza usiwaambie chochote. Wa pili wape vipande vitano. Wa tatu badilisha mafuta yawe kitu chao halisi chenye tarehe ya wiki hii, na kapteni awe bosi wao mwenyewe, amekaa palepale mezani.